Ulimi wa Mhusika wa Kale: Maandalizi ya Mwigizaji wa Tamthilia ya Kihistoria katika Pwani ya Tanga

1. Utangulizi

Tamthilia ya televisheni inayohusu wakati uliopita huhukumiwa kwanza kwa macho. Watazamaji huangalia kanzu, vilemba, milango ya nakshi na majahazi. Vikiwa sawa, huridhika kwamba ya kale yameonyeshwa. Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho hakitoshi. Mhusika wa kale hudhihirika, au huharibika, katika ulimi wake. Kwa hiyo, kazi ya kwanza ya mwigizaji si kujiongezea mambo bali kujipunguzia: kuyaondoa kinywani mwake maneno ambayo mhusika hakuwa nayo. Mfano utakaotumika ni mji wa Pangani mwaka 1888.

2. Hali ya Mhusika

Mnamo Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia sahihi mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa pwani ya Mrima. Mwezi Agosti maofisa wa Kampuni waliingia mijini. Huko Pangani, Emil von Zelewski alitaka bendera ya Kampuni ipandishwe pamoja na ile ya Sultani, na jambo hilo likazusha mgogoro baina yake na liwali na wenyeji. Katika vita vilivyofuata, kiongozi mashuhuri alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa, ambaye alinyongwa Pangani Desemba 1889.

Mwigizaji aliyepewa nafasi ya jumbe wa Pangani hana budi kuielewa hali hiyo kabla ya kukariri maneno yake. Mbele yake wapo liwali wa Sultani, majumbe wenzake na ofisa wa Kampuni. Hawezi kuwasalimu wote kwa sauti moja wala kwa kuinama kwa namna moja. Vilevile, shamba la miwa la zama hizo lililimwa na watumwa. Salamu ya shikamoo, ambayo asili yake huelezwa kuwa ni "nashika miguu yako", leo ni heshima ya mdogo kwa mkubwa wake. Katika jamii ya mabwana na watumwa ilibeba pia uzito wa daraja. Mwigizaji akiitamka kwa wepesi wa leo, atakuwa ameufuta utumwa bila kukusudia.

3. Maneno Yasiyokuwapo

Yapo maneno ya kawaida ambayo mtu wa Pangani wa mwaka 1888 hakuweza kuyasema. Neno shule limetokana na Kijerumani, na shule ya serikali ya Wajerumani ilifunguliwa mjini Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kabla yake mtoto alikwenda chuoni kusoma Kurani. Neno hela limetokana na sarafu ya heller, iliyoanza kutolewa mwaka 1904. Kabla yake watu walihesabu kwa rupia na pesa. Mjerumani mwenyewe aliitwa Mdachi. Katika mavazi pia, merikani na kaniki zinafaa, lakini kanga yenye maandishi ya methali ni ya karne ya ishirini.

Zaidi ya msamiati, ipo lahaja. Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, miaka arobaini baada ya matukio haya. Jumbe anayesema kama msomaji wa taarifa ya habari humfundisha mtazamaji kwamba Mrima haukuwa na lugha yake kabla ya usanifishaji. Kwa wazee wa Tongoni, Kigombe na Pangani kosa hilo si dogo, kwani linahusu kuwapo kwao katika historia.

4. Vyanzo na Mipaka Yake

Mwigizaji ana mahali pa kujifunzia. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima muda mfupi baada ya vita, kwa mtazamo wa watu wa pwani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza mila na mwenendo wa watu katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. W. H. Whiteley alichapisha uchunguzi wake wa Kimtang'ata mwaka 1956.

Hata hivyo, kila chanzo kina mpaka wake. Utenzi hufuata vina na mizani, kwa hiyo lugha yake si mazungumzo ya barazani. Kitabu cha Mtoro kilihaririwa na Mjerumani kwa ajili ya wasomaji wa Ujerumani. Whiteley naye aliwasikia watu walioishi zaidi ya nusu karne baadaye. Mwigizaji mwangalifu hulinganisha vyanzo hivyo, kisha huenda kuwasikiliza wazee.

5. Pingamizi

Huenda ikadaiwa kwamba tamthilia si historia. Ebrahim Hussein mwenyewe alibainisha kwamba Kinjeketile wa tamthilia yake ya mwaka 1969 ni kiumbe cha ubunifu. Aidha, Stanislavski alimtaka mwigizaji ajiulize angefanya nini kama yeye ndiye angekuwa katika hali ya mhusika. Hoja hizo ni sahihi, lakini swali la Stanislavski lina hatari yake: asiyeijua hali hiyo hujibu kwa nafsi yake ya leo, na jumbe hugeuka kuwa mtu wa siku hizi aliyevaa kilemba. Ubunifu huanza pale ujuzi unapokoma. Hauchukui nafasi yake.

Pingamizi la pili ni kwamba watazamaji wa mbali hawataielewa lahaja. Suluhisho ni kiasi. Maneno yasiyokuwapo yaondolewe yote, kwa kuwa kuyaondoa hakumpotezi mtazamaji. Salamu na majina ya heshima yashikwe kikamilifu. Lahaja yenyewe isikike katika mambo machache yaliyochaguliwa, na wahusika wote wa mji mmoja wayafuate kwa namna moja.

6. Hitimisho

Mavazi huweza kukodiwa siku moja kabla ya kupiga picha, lakini ulimi haukodiwi. Mwigizaji wa pwani ya Tanga anayetaka kuaminiwa na wenyeji wake na aanze na orodha ya maneno atakayoyaacha, ndipo aulize joho litashonwaje.