MS na tendo la ndoa: daktari ndiye aanze kuuliza

Mtu mwenye MS akipoteza hamu au nguvu za tendo la ndoa, si mawazo tu hayo?

Mawazo yana sehemu yake, lakini kuanzia hapo ni kumwonea mgonjwa. Katika ugonjwa huu, maltipo sklerosisi kwa jina kamili, kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika nyuzi za neva ndani ya ubongo na uti wa mgongo, na ujumbe unaopita humo huchelewa au hukatika. Neva zinazosimamisha uume na kuleta ute ukeni huanzia sehemu ya chini ya uti wa mgongo, pamoja na zile za kibofu; ndiyo maana anayesumbuliwa na mkojo mara nyingi husumbuliwa na hili pia. Mwaka 1992 watafiti Foley na Iverson waliyapanga matatizo haya kwa ngazi tatu. Kuna yanayotoka kwenye jeraha la neva lenyewe, kama ganzi sehemu za siri au kushindwa kufika kileleni. Kuna yanayoletwa na dalili nyingine: uchovu, misuli kukakamaa, mkojo kuponyoka. Kisha kuna ya moyoni na ya nyumbani, kama sonona, au mume kugeuka muuguzi wa mkewe. Nauthamini mpangilio huu kwa sababu kila ngazi ina msaada wake. Dawa ya sildenafili huwasaidia wanaume wengi kusimamisha uume, ila ni hatari kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitrati. Ukavu hupunguzwa na vilainishi. Anayechoka jioni achague asubuhi. Tena baadhi ya dawa za sonona hupunguza hamu, kwa hiyo kuziandika bila kuuliza kunaweza kuzidisha tatizo.

Anayehangaika kutembea, si atibiwe miguu kwanza? Na kuona haya je?

Hoja ya miguu ingekuwa na uzito kama huu ungekuwa ugonjwa wa wazee. Wengi hugundulika wakiwa na miaka 20 hadi 40, wanawake wakiwazidi wanaume angalau mara mbili: umri wa kuoa, kuolewa na kuzaa. Mgonjwa akinyamaza, mwenzake hudhani hapendwi tena, au kuna mtu nje. Haya naiheshimu, na ndiyo hasa inayomlazimu daktari kutangulia, kwa faragha. Anayeona vigumu kutamka anaweza kujaza mwenyewe dodoso la MSISQ-19, lenye maswali 19 yanayofuata ngazi zile tatu.

Na mimba?

MS haimkatazi mwanamke kuzaa. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa mashambulizi hupungua miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, kisha huongezeka miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua. Lakini baadhi ya dawa za MS, kama teriflunomidi na kladribini, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, hivyo mimba hupangwa kabla ya kuanza dawa, si baada. Daktari asiyethubutu kuuliza habari za chumbani atazichaguaje dawa hizo?