Bei ya chini yaweza kukugharimu zaidi

Wakazi wa Eastlands wanajua kuhesabu shilingi. Kuanzia Jericho, Makadara na Buruburu hadi Umoja, Kayole na Dandora, jamaa nyingi huishi kwa ule uitwao uchumi wa kadogo: mafuta ya kupikia ya kupimiwa, sukari ya kufungiwa kwenye karatasi, sabuni ya kipande. Hakuna aibu katika jambo hilo, na daktari anayewacheka watu kwa kununua kidogo kidogo hajui jinsi wanavyolipwa. Mtu wa kibarua hupata pesa zake kwa siku, naye hununua kwa siku.

Hata hivyo, kuna vitu vichache ambavyo mtu akivitafutia bei ya chini kabisa huja kulipa tofauti yake baadaye, aghalabu hospitalini. Hebu tuvitazame, tukianza na dawa.

Vidonge vinne vya kikohozi

Simama kwenye duka lolote la dawa jioni watu wanapotoka kazini, nawe utasikia mteja akisema, "Nipe za hamsini." Muuzaji huchukua makasi, akakata kapsuli 4 au 5 za amoksilini, akazitia kwenye kibahasha. Mteja humeza 2 usiku huo, 2 kesho yake, halafu hungoja kupona.

Mafua na vikohozi vingi vya kawaida husababishwa na virusi, na amoksilini haiui virusi hata umeze debe zima. Mgonjwa hupona baada ya siku kadhaa kwa nguvu za mwili wake mwenyewe, lakini sifa huiendea dawa. Hapo zile shilingi hamsini zimetupwa. Maji ya kutosha, kupumzika, na paracetamol ya kutuliza maumivu vingemtosha.

Ikiwa kweli ni ugonjwa wa bakteria, mathalani nimonia, basi kapsuli 4 ni hatari zaidi. Dozi ya mtu mzima kwa kawaida huwa mara 3 kwa siku kwa muda wa siku 5, yaani kapsuli zisizopungua 15. Akimeza robo yake, vijidudu dhaifu hufa, vile sugu hubaki na kuzaana. Kwa miaka mingi watafiti wa KEMRI wameripoti kuwa hapa Nairobi kuna vijidudu vya homa ya matumbo ambavyo havisikii tena dawa zilizokuwa zikiviua zamani. Mgonjwa wa aina hiyo huhitaji dawa mpya zaidi, nyingine za sindano, na bei yake si ya kukatwa kwa makasi.

Ninaloliogopa zaidi ni koo la mtoto. Mtoto wa shule akiwa na homa, koo limevimba na kumeza ni taabu, huenda ameshikwa na bakteria aitwaye streptokoka. Dawa yake, penisilini, ni ya bei rahisi sana, lakini ile ya kumeza sharti itumike kwa siku 10. Isipotimizwa, wiki chache baadaye baadhi ya watoto hupata homa ya baridi yabisi. Viungo huvimba, kisha vali za moyo huharibika, na uharibifu huo haurudi nyuma. Nimewaona wasichana wanaogundua wana moyo mbovu wakiwa na mimba ya kwanza. Mama akiulizwa, hukumbuka koo la zamani lililotibiwa kwa vidonge vichache.

Kuna pia ile desturi ya kununua dawa ya malaria bila kupimwa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mtu ambaye hajasafiri kwenda Kisumu, Busia au Pwani ni nadra kupata malaria. Homa yake huenda ni nimonia, homa ya matumbo au maambukizi ya mkojo. Anayenunua dawa ya malaria ili kuokoa ada ya maabara amenunua siku 3 za kuuacha ugonjwa halisi uendelee. Na kama amepimwa na kupatikana na malaria, dozi kamili ya artemether pamoja na lumefantrine, iliyoanza kutumika katika hospitali za umma nchini mwaka wa 2006, ni vidonge 24 kwa mtu mzima. Sindano moja ya kichochoroni haitoshi.

Rahisi isiyo na hila

Msomaji asidhani ninamshauri anunue dawa ghali. Panadol na paracetamol ya kawaida iliyotengenezwa hapa nchini zina dawa ile ile ndani yake, kiasi kile kile. Ndivyo ilivyo kwa dawa nyingi za shinikizo la damu na kisukari: kinachozidi ni jina na sanduku. Mwambie daktari wako bila kuona haya, "Daktari, niandikie ile ya bei nafuu." Tumezoea ombi hilo, na ni afadhali uliseme kuliko kununua nusu ya dawa niliyokuandikia.

Mtoto anayeharisha naye hutibiwa kwa bei ya chini kabisa: pakiti za ORS na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Wazazi wengi huviona hivi kama si dawa, wakalipia zaidi chupa ya antibiotiki isiyohitajika. Lakini mtoto akiharisha damu, akiwa mlegevu au akishindwa kunywa, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Unaponunua, tazama kama duka lina leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu mahali pa wazi. Tazama pia tarehe ya mwisho wa matumizi. Vidonge vilivyokatwa kutoka kwenye karatasi yake mara nyingi hukosa tarehe hiyo, kwa hivyo omba uonyeshwe sanduku.

Pombe iliyoitwa kwa bei yake

Wenye umri wangu hawajasahau Novemba mwaka wa 2000, watu zaidi ya 100 walipokufa Nairobi, hasa katika vijiji vya Mukuru, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Ilijulikana kama kumi kumi, kwa kuwa glasi iliuzwa shilingi kumi. Methanoli ni spiriti ya viwandani, na mwili huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho, ndiyo maana baadhi ya walionusurika walipofuka. Dalili huweza kuchelewa kwa saa 12 au zaidi. Mtu aliyekunywa jana, na leo anaona ukungu machoni, asilazwe nyumbani "apoze hangova". Akimbizwe hospitalini mara moja, kwani dawa za kuzuia sumu hiyo zipo zikiwahiwa.

Unga na mahindi

Mwaka wa 2004, katika wilaya za Ukambani na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka zisizokaushwa vyema. Mnamo 2019 shirika la viwango, KEBS, lilipiga marufuku aina 5 za unga kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Kupika hakuiondoi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huharibu ini, na inaweza kuleta saratani.

Kwa hivyo mahindi yaliyovunjika, yaliyobadilika rangi au yanayonuka uvundo, yanayouzwa kwa bei ya kutupa sokoni, yaache huko huko. Bora mahindi makavu, uyachague mwenyewe kabla ya kuyapeleka kwenye kinu. Kuyakoboa, kama yanavyokobolewa ya muthokoi, hupunguza sumu hiyo. Njugu karanga zilizokunjamana au zilizoota ukungu nazo zisifichwe ndani ya mchuzi.

Kuhusu chipsi za kando ya barabara nitasema neno moja tu: angalia mafuta. Yakiwa meusi na mazito, yamechemshwa mara nyingi mno. Kampuni ya Kenya Power imewahi kuonya kuwa mafuta yaibwayo kwenye transfoma huuzwa kwa wakaangaji. Hayo si chakula hata kidogo.

Mtungi wa gesi

Gesi imeokoa mapafu ya akina mama wengi waliopikia makaa chumbani, nami ninaiunga mkono. Lakini mtungi unaouzwa chini sana ya bei za wengine huenda umejazwa mahali pasipo na kibali. Usiku wa Februari 1, 2024, huko Mradi, Embakasi, lori la gesi lililipuka. Watu kadhaa walikufa na mamia wakajeruhiwa, wengi wakiwa ndani ya nyumba zao. Ombi la kujenga kituo cha gesi mahali hapo lilikuwa limekataliwa mara 3 mwaka wa 2023.

Mwombe muuzaji aweke mtungi kwenye mizani. Uzani wa mtungi mtupu huandikwa juu yake. Ongeza kilo 6 au 13, kulingana na mtungi wako, na hesabu isipolingana umepunjwa. Mpira wa gesi usinunue ule mwembamba kwa kuwa ni rahisi. Baada ya kuufunga, paka povu la sabuni kwenye maungio: viputo vikitokea, funga gesi, fungua madirisha, wala usiguse swichi ya taa. Na ikitokea mtu ameungua, mwagie maji baridi ya bomba kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala unga, kisha mlete hospitalini.