Somo la Mwezi: Jua la Mchana na Pikipiki ya Umeme



Msimu wa korosho ukiisha na fedha zikiwa bado mkononi, vijana wetu wengi hununua pikipiki, au huingia mkataba wa kumlipa mwenye chombo kidogo kidogo. Sasa zimekuja pikipiki za umeme, na husemwa kwamba zaweza kulishwa na jua bila gharama. Habari hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Fedha za korosho huja mara moja kwa mwaka, na aliyezitumia vibaya hungoja mwaka mzima. Basi mwezi huu tujifunze jinsi sola na chombo cha umeme vinavyokwenda pamoja, na mahali visipokwenda pamoja.

1. MAMBO YA KUFAHAMU KWANZA

Paneli ya sola haihifadhi umeme. Huutengeneza wakati mwanga unapoipiga, na mwanga ukiondoka kazi yake imekwisha. Ndivyo ilivyo tangu wataalamu wa Bell Laboratories huko Marekani walipoonyesha watu kifaa cha namna hiyo mwaka 1954.

Kinachohifadhi ni betri. Betri za vyombo vya umeme vya leo kwa kawaida ni za lithiamu, na upande wake mmoja hutengenezwa hasa kwa madini ya kinywe. Kinywe hicho kimo katika ardhi ya wilaya yetu ya Ruangwa, ndiyo maana tumesikia habari za miradi ya Nachu na Lindi Jumbo. Lakini kuwa na kinywe chini ya miguu hakumpi mtu betri. Sehemu kubwa ya kinywe cha dunia husafishwa na kuundwa China, kisha hurudi kwetu ndani ya sanduku lenye bei kubwa. Kwa hiyo betri ndiyo mali ya kutunzwa kuliko vitu vingine vyote katika chombo hicho.

Umeme tutaupima kwa uniti, zile zile tunazonunua kwa LUKU. Uniti 1 ni kazi ya wati 1000 kwa muda wa saa moja.

2. TUPIGE HESABU

Tuchukue kijana wa bodaboda anayekwenda kilomita 80 kwa siku. Pikipiki ya petroli ikibeba abiria hunywa kiasi cha lita 2 kwa mwendo huo. Akifanya kazi siku 6 kwa juma, ni lita 12. Kwa majuma 50 ni lita 600. Kila mmoja azidishe kwa bei anayolipa yeye mwenyewe, maana petroli ya chupa ya kijijini si bei ya kituoni. Atashangaa.

Pikipiki ya umeme hutumia kiasi cha wati-saa 40 kwa kilomita moja, zaidi kidogo ikiwa na mzigo au mlima. Kilomita 80 zataka wati-saa 3200, yaani uniti 3.2.

Sasa tutazame jua. Sehemu zetu hupata kwa wastani jua la nguvu kamili linalolingana na saa 5 kwa siku. Paneli 3 za wati 400 ni wati 1200. Zidisha kwa saa 5, ni uniti 6. Toa robo inayopotea kwa joto, vumbi, nyaya na chaja, zinabaki uniti 4.5. Mahitaji ni 3.2. Kwa hiyo paneli 3 zamtosha kijana huyu siku ya jua.

Lakini tusiishie hapo, kwa sababu masika yapo. Siku ya mawingu jua kamili laweza kuwa saa 3 tu. Hesabu ile ile itatupa uniti 2.7, nazo hazitoshi. Siku hiyo itambidi apunguze safari, au aongeze umeme wa LUKU. Na kwa nyumba ambayo tayari ina umeme wa TANESCO, hesabu nyingine yafaa ifanywe kabla ya kununua paneli: uniti 3.2 za LUKU zingegharimu kiasi gani kwa siku, na ni miaka mingapi mpaka bei ya paneli irudi? Pengine jibu litakuwa kwamba LUKU inatosha. Tusione haya kusema hivyo.

3. JUA NA CHOMBO VIKUTANE WAPI?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Jua lina nguvu tangu saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Je, wakati huo pikipiki iko wapi? Iko barabarani. Inarudi nyumbani usiku, jua limekwisha kuzama. Mtu aliyefunga paneli nyumbani kwa ajili ya chombo kinachoshinda mjini ni sawa na mama aliyepika chakula saa ambayo watoto hawapo, tena hana chungu cha kukiweka.

Wengine hununua betri za akiba, wakaweka umeme wa mchana ili usiku wauhamishe katika pikipiki. Jambo hilo hufanyika, lakini gharama huongezeka sana, na kila umeme unapohamishwa kutoka betri hadi betri, sehemu yake hupotea njiani.

Iko njia nzuri zaidi, nayo tunaweza kuiona kwa wenzetu.

Huko Serengeti, mwaka 2018, kampuni moja ya utalii ilianza kutumia gari la umeme lililochajiwa kwa sola. Katika Maasai Mara ya Kenya pia iko kambi ya Emboo yenye magari ya namna hiyo. Kazi hii yafaana na jua kwa sababu watalii hutoka alfajiri kutazama wanyama, hurudi kambini mchana, na hutoka tena jioni. Mchana gari limepumzika, na jua liko utosini. Chombo na jua vimekutana saa moja, mahali pamoja.

Zimbabwe, katika wilaya ya Hwedza, shirika la Mobility for Africa lilianza mwaka 2019 kuwapatia wanawake wa vijijini vyombo vya umeme vya magurudumu matatu, vya kubebea mazao, maji na kuni. Wao hawangoji chombo kipumzike. Betri hutolewa, huachwa kwenye kituo cha sola, na mwenye chombo hupewa nyingine iliyojaa. Kwa mtu wa bodaboda njia hii ndiyo yenye maana: betri moja iko kazini, ya pili iko juani. Chaja ya wati 700 huweza kujaza betri ya uniti 3 kwa muda wa saa 4 au 5, yaani katika ule ule wakati wa jua kali.

Wenzetu wa Uganda nao, kampuni ya Kiira Motors, walionyesha basi la Kayoola mjini Kampala mwaka 2016. Basi lile lilichukua abiria 35, nalo lilikuwa na paneli juu ya paa lake. Ilikuwa kazi ya kusifiwa, lakini hata basi lile lilikuwa na betri ya pili ya kuchajiwa kwa umeme wa kawaida. Paa la chombo ni dogo. Paa la jengo ni kubwa, na halichoki kukaa juani.

Kwa hiyo anayekaa kazini mahali pamoja mchana kutwa, kama mwalimu, mganga wa zahanati au fundi cherehani, ndiye anayeweza kufaidi sola kwa urahisi. Afunge paneli pale anaposhinda, si pale anapolala. Na vijana wa bodaboda wakiungana watano au sita, wakawa na paa moja karibu na kijiwe chao na betri za kubadilishana, watapunguza gharama ambayo mmoja peke yake haimudu.

4. TUSICHUKUE KISICHO CHETU

Hapa yafaa tuwe wakali kidogo. Sola ya zahanati imepimwa kwa taa na friji ya chanjo. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Uniti 3 za kujaza pikipiki moja zaweza kuwa nyingi kuliko umeme wote unaobaki kwa usiku mzima pale. Mtu akiomba kuchomeka "kidogo tu", ajue kwamba huenda anachomeka juu ya chanjo ya mtoto wa jirani yake. Wazee wa kamati wasimwonee haya, hata akiwa ndugu.

5. KUFUNGA NA KUTUNZA

Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli zielekee kaskazini, kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, ili mvua ziweze kuzisafisha. Zisiwe chini ya mwembe au mkorosho. Kivuli kidogo hupunguza umeme mwingi. Wakati wa kiangazi zifutwe vumbi asubuhi, zikiwa bado baridi. Kazi ya nyaya afanye fundi anayejua, aweke fyuzi na waya wa ardhini. Betri ichajiwe kwa chaja yake yenyewe, mahali pakavu penye hewa, si chumba cha kulala. Ikivimba, ikipata joto kali au ikitoa harufu, iondolewe kazini mara moja.

MWISHO

Wazee wetu wa Nachingwea wanakumbuka habari za mpango wa karanga wa Waingereza. Mwaka 1947 yaliletwa matrekta na fedha nyingi, lakini udongo na mvua havikuwa vimepimwa ipasavyo. Kufikia mwaka 1951 mpango ule ulikuwa umeachwa. Ardhi haikuwa na kosa, wala karanga. Kosa lilikuwa kuanza kabla ya kupima. Nasi tunao mfano wa Bwana wetu juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, katika Luka sura ya 14. Basi kabla ya kutoa fedha ya korosho, kaa chini na karatasi na kalamu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Chombo chako hukaa wapi kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri? Je, mahali hapo pana paa na ulinzi?

2. Andika kilomita unazokwenda kwa juma moja na petroli unayonunua. Je, zataka uniti ngapi za umeme?

3. Vijana wakiweka paneli na betri za shirika, nani atashika funguo, na fedha ya kununua betri mpya itawekwa wapi?

4. Siku za masika mtafanyaje?