Papa Wemba na Tatizo la Jina Moja

Mwanafunzi anayeandika kazi yake ya mwisho juu ya nyimbo za Congo hukwama mapema, kwenye kichwa cha kazi: msanii huyu aitwe mwanamuziki wa nini? Swali hili ni letu sisi watu wa lugha pia. Jina la utanzu ni istilahi, na istilahi huamua nyimbo zipi zitachunguzwa na zipi zitaachwa nje.

Tumchukue Papa Wemba (1949–2016). Mwaka 1969 alikuwa kati ya vijana walioanzisha Zaïko Langa Langa mjini Kinshasa, kundi lililoacha ala za kupulizwa na kutanguliza magita na ngoma. Mwaka 1974 alitoka na kuunda Isifi Lokole. Mwaka 1977 akaanzisha Viva la Musica. Mwaka 1995 alitoa albamu Emotion kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel ya Uingereza. Humo mna hata wimbo wa Otis Redding, mwimbaji wa soul wa Marekani. Hata hivyo hakuacha kuwaimbia wapenzi wa Viva la Musica.

Majibu matatu hutolewa.

La kwanza: ni mwanamuziki wa rumba. Jina hili likichukuliwa kama mpaka, Emotion inabaki bila mahali.

La pili: haainishiki. Jibu hili linaonekana kuwa la heshima, lakini halifundishi kitu. Linaficha pia yale anayoshiriki na wenzake wa Zaïko.

La tatu ni jina lililomfuata: rumba-rock. Tulichambue. Katika Kiswahili neno kuu hutangulia: gari moshi ni gari, si moshi. Kwa kipimo hicho, rumba-rock ni rumba iliyopokea kitu kutoka nje. Jina linazifaa nyimbo nyingi za Viva la Musica. Ule wa Otis Redding haliufai, kwa kuwa hapo msingi ni soul, na kinachoongezwa ni sauti ya Wemba.

Kosa la majibu yote matatu ni kuchanganya msemaji na usemi. Mwenzetu wa Lubumbashi akianza sentensi kwa Kiswahili na kuimaliza kwa Kifaransa, tunasema sentensi imechanganya lugha; hatumbadilishii msemaji kabila. Vivyo hivyo, utanzu ni sifa ya wimbo kwanza. Kwa msanii tuulize jambo jingine: hurudi wapi, na huazima wapi? Papa Wemba aliazima kwingi, akarudi kwenye rumba.

Kwa hiyo jina moja linawezekana kwa masharti mawili: litokane na nyimbo zenyewe, zikitajwa pamoja na miaka yake, na litaje msingi, lisiweke mpaka. Asiye na mahali pa kurudi hatapata jina moja. Huyo aelezwe kwa vipindi.

Zoezi. Chagua msanii aliyebadili mitindo. Panga nyimbo zake sita kwa miaka, upe kila wimbo utanzu wake, kisha uonyeshe msingi na maazimo. Kichwa cha kazi kiandikwe mwisho.