Rupia za Zamani: Kosa la Kiwandani na Dhara la Baadaye

Rupia ya fedha ya Bara Hindi ilitumika Kenya na Uganda mpaka mwaka 1920, na baadhi yake zingali zimehifadhiwa katika masanduku ya wazee. Rupia iliyokosewa kiwandani wakati wa kupigwa chapa ni adimu, na wakusanyaji huinunua kwa bei kubwa. Bali ile iliyoharibiwa baadaye hupungua thamani. Kwa sababu hiyo wadanganyifu huuza ya pili kwa jina la kwanza. Yafaa basi kujua kuzipambanua.

Kwanza, mistari. Katika viwanda vya Calcutta na Bombay kipande cha fedha kiligandamizwa kwa nguvu kati ya mihuri miwili ya chuma. Muhuri ukiwa na ufa, fedha huingia ndani ya ufa huo, na juu ya sarafu hutokea mstari ulioinuka. Lakini kisu au msumari huchimba fedha, ukabaki mfereji. Mstari ulioinuka ni wa kiwandani; uliochimbika, kwa kawaida, ni wa baadaye.

Pili, kichwa kilichozama. Mara chache rupia ilinasa katika muhuri, na kipande kilichofuata kikagandamizwa juu yake. Kipande hicho hupata kichwa cha mfalme upande mmoja, na upande wa pili kichwa kile kile kimezama na kugeuka kama katika kioo. Wadanganyifu huiga kosa hili kwa kubana sarafu mbili katika jiliwa. Lakini hapo alama za chapa ya kwanza husalia chini ya ile iliyozama, na upande wa pili huwa umebonyea.

Tatu, ukingo. Rupia nyingi zilifanywa mapambo, zikatobolewa au kulehemiwa vipete. Kipete kikiisha kuondolewa, meno ya ukingo huonekana yamefutwa kwa tupa mahali pamoja.

Rupia nzima ilikuwa na uzito wa gramu 11.66. Hata hivyo mizani peke yake haitoshi, maana matumizi ya miaka mingi nayo hupunguza uzito.

Mwenye rupia ya namna hii asiisugue kamwe, kwani kusugua hufuta ushahidi. Na ailinganishe, kwa kioo cha kukuzia, na rupia nzima ya mfalme yule yule kabla ya kuuza au kununua.