Mfuatano wa Namba Unaohadaa

Katika mazoezi ya hisabati, mwanafunzi aghalabu hupewa namba chache zinazofuatana, kisha hutakiwa ataje ifuatayo. Akipewa 1, 2, 4, 8, 16, hujibu upesi kuwa ni 32, kwani kila namba ni maradufu ya iliyoitangulia. Je, jibu hilo ni la lazima? Hebu tulichunguze kwa kalamu na karatasi.

Chora duara, tia nukta kwenye mzingo wake, kisha unganisha kila nukta na kila nyingine kwa mstari ulionyooka. Angalia mistari mitatu isikutane mahali pamoja ndani ya duara. Sasa hesabu sehemu zilizogawanyika. Nukta 1 haina mstari, hivyo sehemu ni 1. Nukta 2 hutoa sehemu 2. Nukta 3, sehemu 4. Nukta 4, sehemu 8. Nukta 5, sehemu 16. Lakini nukta 6 hutoa sehemu 31, wala si 32!

Sababu yake ni hii. Kila mstari mpya huongeza sehemu 1, na huongeza nyingine 1 kila unapokata mstari uliotangulia. Kwa hiyo:

Sehemu = 1 + idadi ya mistari + idadi ya makutano.

Kila jozi ya nukta hutoa mstari 1. Kila nukta 4 huunda pembenne, ambayo mishazari yake miwili hukatana mara 1. Basi kwa nukta 6:

Mistari: (6 × 5) ÷ 2 = 15
Makutano: (6 × 5 × 4 × 3) ÷ 24 = 15
Sehemu: 1 + 15 + 15 = 31

Tunajifunza kwamba mifano mitano inayokubaliana haitoshi kuthibitisha kanuni. Mifano hutuonyesha mahali pa kutafuta. Uthibitisho ndio utupao yakini. Yafaa basi mwalimu asiishie kuuliza, "Namba gani inafuata?" bali aulize pia, "Kwa nini?"

Zoezi

1. Tafuta idadi ya sehemu kwa nukta 7, kisha kwa nukta 10. Jibu la pili lina ajabu gani?
2. Nukta 6 zikipangwa kwa umbali ulio sawa, sehemu huwa 30. Eleza sababu.

Majibu: (1) 57 na 256, hii ya pili ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe hadi kutimia mara 8, yaani mfuatano wa maradufu umerudi kutuhadaa. (2) Mistari mitatu hukutana katikati ya duara, na sehemu 1 hupotea.