Neno la Kiingereza la Juma Hili: "Belligerent"

Neno hili hutamkwa "belijarenti", na mkazo huwekwa juu ya "li". Asili yake ni maneno mawili ya Kilatini: bellum, yaani vita, na gerere, yaani kuendesha. Lina maana mbili. Katika sheria ya mataifa, ni upande ulio vitani. Katika mazungumzo ya kila siku, ni mtu mchokozi, atafutaye ugomvi.

Tofauti hiyo yaonekana katika habari za Garissa na Kaskazini Mashariki. Tangu 1963 mpaka 1967 baadhi ya Wasomali waliotaka jimbo lao liungane na Somalia walipigana na majeshi ya Kenya. Serikali haikuwahesabu kuwa upande wa vita, bali iliwaita "shifta", neno litumikalo Ethiopia kwa mnyang'anyi au mwasi. Jina hilo liliwaangukia hata wachungaji wasiokuwa na silaha. Mnamo Oktoba 1967 Kenya na Somalia zilipatana mjini Arusha kwa usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, lakini jina liliendelea kuwauma watu kwa miaka mingi.

Kwa hiyo yafaa kutazama matendo ya mtu kabla ya kumpa jina.

Zoezi: Wachungaji wawili wako kisimani. Wa kwanza analalamika kwamba zamu yake imerukwa. Wa pili hajaulizwa neno, naye amekwisha kuinua fimbo. Ni yupi aitwe "belligerent"?

Jibu: Ni wa pili. Wa kwanza anadai haki yake tu.